Siku Mashine Ilipomtolea Baba Salamu

Mume wangu alikuwa daktari wa mifugo, na ng'ombe wa Migori hawakuwa na adabu ya kuugua saa za kazi. Ndiyo maana nyumba yetu ya serikali ilikuwa na simu, na ndiyo maana simu ile haikunyamaza. Yeye alishinda njiani kwa pikipiki, mimi nilishinda shuleni nikifundisha darasa la nne, na simu ilishinda ikilia peke yake juu ya meza yenye kitambaa nilichokifuma mwenyewe.

Kisha mzungu mmoja wa mradi wa ng'ombe wa maziwa akarudi kwao, akamwachia mume wangu mashine ya kupokea simu. Kilikuwa kijisanduku cheusi chenye vilango viwili vya kaseti. Kaseti ya kwanza ilibeba sauti ya mwenye nyumba, ya pili ilibeba maneno ya anayepiga. Simu ikilia mara nne bila mtu kuipokea, mashine ilijibu, ikasema ya kwake, ikatoa mlio, halafu ikampa mpigaji dakika moja aseme haja yake. Tukirudi jioni tulikuta taa nyekundu inamulika, tunairudisha kaseti nyuma, tunasikiliza.

Sauti ya kwanza aliiweka mume wangu. Alisimama wima, akakohoa, akasema kama mtu anayetangaza kifo redioni. Nikaifuta. Nikaweka yangu: "Assalaam alaykum. Hapa ni nyumbani kwa daktari wa mifugo. Hatupo kwa sasa. Ukisikia mlio, sema jina lako, unakotoka, na ng'ombe ana nini."

"Wateja wangu karibu wote ni watu wa kanisa," mume wangu akasema.

"Ng'ombe hana dhehebu," nikamwambia, "na sauti ni yangu."

Nakiri kwamba sikuwa nikimfikiria Baba hata kidogo. Salamu ile ilinitoka tu, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa kufungua mdomo mbele ya mtu. Baba mwenyewe wakati huo alikuwa hajanisemesha kwa miaka mitatu.

Baba alitoka Pwani akiwa kijana, akafungua duka Homa Bay, la nyavu, kamba na taa za karabai. Mama alifariki nikiwa darasa la tatu, na Baba hakuoa tena. Alinilea kati ya marobota ya nyavu. Alinisuka nywele mwenyewe, vibaya mno, mistari ikaenda kila upande, nami nikaenda nazo shule hivyo hivyo, na ole wake aliyecheka. Kwa hiyo mtu asidhani nasimulia habari za baba mkali asiye na huruma. Nilikuwa na baba aliyenipenda kuliko kawaida, na ndiyo sababu hasira yake ilikuwa kubwa kuliko kawaida.

Mume wangu ni Mjaluo wa upande wa Rongo. Alisilimu, akajifunza kusali, akaja kuposa amevaa kanzu ya kuazima iliyomkomea magotini. Baba alimkaribisha chai, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Huyu amesilimu kwa ajili ya msichana, si kwa ajili ya Mungu." Akakataa kuniozesha. Mimi nami hasira nimeirithi kwake yeye mwenyewe. Nilikwenda Kisumu kwa kadhi, nikaeleza shauri langu, na baada ya miezi kadhaa ya kuitwa na kuulizwa, kadhi akatuozesha mahali pa Baba. Kwa sheria sikukosa. Kwa Baba, nilikuwa nimemshtaki mbele ya watu.

Nilimpigia simu dukani mara nyingi katika miaka ile. Akipokea, nasema, "Halo, Baba?" naye akiisikia tu sauti yangu, anauweka mkono wa simu chini. Hakuubamiza kamwe. Aliuweka polepole, kwa uangalifu, na hilo ndilo lililoniumiza. Binti yetu alipozaliwa, mume wangu alimtuma mtu Homa Bay apeleke habari pamoja na namba yetu ya simu. Mtu yule akarudi akasema mzee aliisoma karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni, kisha akamuuliza kama anahitaji nyavu.

Nilitaka kitu kimoja tu: Baba aseme nami. Asinisamehe kama hawezi. Aseme nami tu.

Basi tuiendee mashine. Wiki za mwanzo ilitupa kicheko cha kutosha. Watu wetu hawasemi haja yao kabla ya kusalimiana, na kusalimiana kunataka wawili. Mashine iliwasalimia vizuri, wao wakaitika, wakauliza hali, kisha wakangoja ijibu.

"Halo, mama daktari. Oyaore. Habari ya hapo?" Kimya. "Watoto wako sawa?" Kimya kirefu zaidi. "Mzee naye?" Kimya. "Sisi huku tuko tu sawa, isipokuwa hiyo ng'ombe yangu ya maziwa, ile nyeusi, ime—" Mlio. Dakika imekwisha.

Anapiga tena, na kwa kuwa hawezi kuingia nyumbani kwa mtu bila salamu, anaanza upya: oyaore, watoto, mzee. Mwingine aligombana na mashine kabisa. "Sasa mama, wewe ndio umenisalimia, mimi nimeitika, mbona tena unaninyamazia? Mimi nimekukosea wapi?" Mume wangu alisikiliza salamu tano ili ampate ng'ombe mmoja, na mara nyingine alipanda pikipiki akijua tu kwamba huko Awendo kuna mnyama mweusi amefanya jambo fulani.

Jioni moja ya Alhamisi nilikuwa nikisikiliza kaseti huku nikimenya viazi. Mbuzi amevimba tumbo. Mtu anataka dawa ya kupe. Halafu pakawa kimya, na ndani ya kimya kile mtu anapumua. Kisha sauti ikasema, "Waalaykum salaam." Simu ikawekwa chini polepole.

Kisu kiliniponyoka. Niliirudisha kaseti, nikasikiliza. Nikairudisha tena. Mume wangu aliporudi alinikuta nimeketi sakafuni, viazi vimetapakaa, mtoto anachezea maganda, nami nairudisha kaseti mara ya ishirini au zaidi.

"Amejibu," nikamwambia. "Amenijibu."

Yeye hakuelewa, nikamweleza. Baba alinifundisha nikiwa mdogo, nikiwa nimekaa juu ya kaunta ya duka, kwamba kuanza salamu ni hiari ya mtu, lakini ukishatolewa salamu ya Mwenyezi Mungu, kuijibu ni lazima. Hata akikutolea mlevi. Hata akikutolea mtu uliyegombana naye asubuhi hiyo hiyo. Nilimwona akiacha kukata kamba katikati ili aijibu. Na mimi mjinga, miaka mitatu nzima nilimpigia simu nikianza na "Halo, Baba?", akauweka mkono wa simu chini kabla sijafika kwenye salamu. Mashine yangu ilimwanzia salamu kabla hajajua atafanyaje. Ikamnasa. Sauti haikuwa ya mtu, ilikuwa ya kaseti, na pengine hata wanazuoni wangetofautiana kama kaseti inastahili jibu. Baba hakutaka kujihatarisha.

Kwa nini alipiga? Ilikuwa saa ya kazi, saa ambayo kila mwenye akili anajua kwamba mwalimu yuko darasani. Nimefikiri sana juu ya hilo. Nadhani alitaka tu kuisikia simu ikilia katika nyumba yangu.

Kaseti ile niliitoa kwenye mashine nikaificha chini ya kanga zangu, na kila iliyokuja kubeba sauti ya Baba baadaye nikaifanya vivyo hivyo. Mume wangu alilazimika kutoa kaseti zake za kwaya, moja baada ya nyingine, na kila moja ikafutwa na mifugo. Hakulalamika ila mara moja, ilipofika zamu ya ile ya vijana wa kanisa la mama yake.

Wiki iliyofuata, siku ile ile ya Alhamisi, Baba alipiga tena. "Waalaykum salaam." Na Alhamisi iliyofuata. Ndipo ujanja ukaniingia. Baba pia alinifundisha kwamba salamu hurudishwa kama ilivyotolewa au kwa uzuri zaidi. Nikairekodi upya, nikaongeza rehema: "Assalaam alaykum warahmatullah." Alhamisi akajibu kwa rehema. Nikaongeza baraka. Akarudisha na baraka. Nilikuwa namvuta Baba neno kwa neno, kama mtu avutaye ndoo kisimani akiomba kamba isikatike.

Katikati ya salamu na ng'ombe nilianza kupenyeza habari. "Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Leo mtoto ameota jino la chini. Hapa ni nyumbani kwa daktari wa mifugo." Wafugaji waliipokea vizuri kuliko nilivyotarajia. "Hongera ya jino, mama daktari," akasema mmoja wa Uriri. "Mpatie kijiko ya baridi aume. Sasa hiyo ndama yangu inaharisha tangu juzi." Mtoto alipoanza kusimama, nusu ya wilaya ilijua. Baba hakugusia jino wala kusimama. Alijibu salamu kwa ukamilifu wake, akakaa kimya kidogo, kila wiki kimya kikawa kirefu zaidi, na mwisho akauweka mkono chini.

Lakini salamu ina mwisho wake. Baada ya baraka hakuna la kuongeza, na mimi nilikuwa nimefika ukingoni.

"Piga chafya," mume wangu akasema usiku mmoja tukila.

"Nini?"

"Si mlinifundisha wenyewe? Mtu akipiga chafya akamshukuru Mungu, anayemsikia humwombea rehema. Piga chafya ndani ya mashine."

Nilicheka hadi nikapaliwa. Kisha nikanusa pilipili manga, nikabonyeza kitufe, nikatoa salamu, nikapiga chafya ya kweli ya kutikisa meza, nikasema, "Alhamdulillahi. Hapa ni nyumbani kwa daktari wa mifugo."

Wafugaji walinipa pole zote za dunia. Mmoja akanishauri majani ya mwarobaini. Alhamisi ikafika. Nilitoka shuleni mbio, nikairudisha kaseti nikiwa bado nimevaa viatu. Baba alijibu salamu. Pakawa kimya. Nikajua amegundua, maana Baba si mtu wa kudanganywa na pilipili.  Kisha akasema kwa taratibu, "Yarhamukillah," na kabla mkono wa simu haujagusa chini, nikasikia kitu kama kikohozi. Mpaka leo mume wangu anashikilia kwamba kilikuwa kicheko. Mimi sikutaka kukiita chochote, nisije nikakipoteza.

Halafu tukaharibu. Mkubwa wa mume wangu alipiga simu kikazi, akakutana na chafya yangu. Hakufurahi. Mume wangu alirudi amefadhaika, na bila kuniambia, akaweka sauti yake: "Hii ni nyumba ya afisa wa mifugo. Acha ujumbe wako." Alhamisi mbili zikapita bila Baba. Ya tatu nikaisikia pumzi tu, kisha mkono ukawekwa chini. Hapo ndipo nilipopiga simu kutoka shuleni kuijaribu mashine, nikakutana na sauti ya mume wangu.

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Nilimwambia amenifungia mlango ambao nilikuwa nimeufungua kwa kucha. Alisimama pale na buti zake za matope mpaka nikachoka, kisha akasema, "Kumbe ni mimi nimemfukuza tena."

Hasira zikaniisha zote. Nilikuwa nimesahau kwamba yeye pia alikuwa amekataliwa, na kwamba miaka yote ile alinisaidia kumngoja mtu aliyemkataa. Nilimvua buti. Tukarekodi upya pamoja, yeye akishika mashine na mimi nikisema.

Lakini Baba hakupiga. Ulipita mwezi, ukapita mwingine. Wakubwa wa kazi na wafugaji na watu waliokosea namba, wote walipiga, isipokuwa yeye. Jumamosi moja nilimbeba mtoto mgongoni nikasafiri kwenda Homa Bay. Nilipofika Rodi Kopany, karibu kabisa na mji, nikashuka. Niliwaza, akinikataa dukani mbele ya wateja, hata ile salamu itakufa, na sitakuwa na kitu. Nikanunua ndizi, nikageuza. Sijivunii safari ile.

Likizo ya Agosti ikafika. Asubuhi moja ya Alhamisi mume wangu alikuwa kazini, mimi nilikuwa nyumbani na mtoto. Magego yalikuwa yakimchomoza na homa juu yake, na alikuwa analia kilio kile cha kuchoka ambacho hakina kituo. Nilikuwa nimemlaza kwenye mkeka ili nimchemshie uji. Simu ikalia. Sikuipokea, maana nilikuwa nimezoea kuiachia mashine. Ikalia mara nne, mashine ikajibu, na nikasikia sauti yangu mwenyewe sebuleni ikimtolea mtu salamu. Mlio ukatoka.

Kimya. Mtu anapumua.

Niliijua pumzi ile. Nilisimama juu ya mashine na mwiko mkononi. Nilingoja "Waalaykum salaam". Haikuja. Aliendelea kupumua, na mimi nikajua kwamba safari hii hakupiga kujibu salamu, na kwamba asipoijibu atakata, na akikata hatapiga tena. Najua hayo ni mawazo ya woga, lakini ndiyo niliyokuwa nayo. Dakika ya mashine ilikuwa inakwisha. Nikaunyanyua mkono wa simu.

Mashine ikazima. Hapakuwa na kaseti kati yetu tena. Nilifungua mdomo niseme salamu, na salamu, mimi niliyeisema mara mia ndani ya kijisanduku kile, ikakataa kutoka.  Kilichosikika ni mtoto, nyuma yangu, akilia kwa nguvu zake zote.

"Mbona analia hivyo?" Baba akasema.

Niligeuka nikamtazama mtoto.

"Ana homa?"

"Meno," nikasema. Hilo ndilo neno la kwanza nililomjibu baba yangu baada ya miaka minne.

"Sasa umemwacha alie, umesimama na simu? Hebu mchukue huyo mtoto."

"Baba, usika—"

"Mchukue mtoto kwanza."

Niliuweka mkono wa simu juu ya kitambaa, ukiwa umelala chali, mbali na mahali pake, huku nikiutazama kama unaweza kujirudisha wenyewe. Nilivuka chumba kile kidogo, nikamwinua binti yangu, moto, mwepesi, uso wote machozi. Uji ulikuwa unafurika jikoni nikauacha ufurike. Nikarudi nikauweka mkono sikioni, nikiwa na hakika kwamba nitakuta ule mlio wa simu iliyokatwa.

Nilisikia duka. Nilisikia nyavu zikiburutwa kwenye saruji, na sauti ya mwanamume akisema kwa haraka, "Mzee, nipimie tu hiyo kamba niende. Boti ya Remba inaondoka sai sai, itaniacha."

Na sauti ya Baba, mbali kidogo na simu, bila kupandishwa, ikamjibu, "Itakuacha, ndugu yangu. Ngoja. Nazungumza na binti yangu."